Kibaha hadi Rwanda kwa gari dogo: usukani nilishika mimi, macho yalikuwa ya mzee

Wakuu, heshima kwenu wote, mliopo kazini na mnaojifanya mpo kazini.

Ninachoandika hapa sikuhadithiwa na mtu. Nilikuwa kwenye usukani mwenyewe, na shahidi wangu yupo hai, yupo Masaki. Nasema Masaki ya Kisarawe, ya mihogo na mikorosho, siyo ile ya maghorofa. Mwenye shaka aende akamuulize, ila abebe na chakula cha mchana, maana mzee akiianza stori hii hamalizi leo.

Kwanza mnifahamu kidogo.

Mimi ni dereva. Naishi Kibaha, Maili Moja, na kwa miaka tisa nimepiga barabara ya Morogoro na lori la mchanga na kokoto. Sijisifu, ila barabara naijua. Sawa, najisifu kidogo, mtanivumilia.

Shida ni kwamba kulikuwa na mtu mmoja duniani asiyetaka kupanda gari ninaloendesha. Baba yangu mzazi.

Ilianza zamani, ndiyo kwanza nimepata leseni. Mjomba aliniazima pickup tupeleke mihogo mjini, mzee akakaa mbele na mimi. Ule mteremko wa kutoka Kisarawe kuja Pugu nikajitia fundi, gari likaingia mtaroni, mihogo ikatapakaa, mzee akavunjika mfupa wa bega.

Hakunigombeza hata siku moja. Ila hakupanda tena.

Akija Kibaha kunisalimia, anachukua boda kutoka Masaki, anaunganisha mabasi, anafika kachoka, na mimi siku hiyo nipo off na gari limelala uani. Nikimwambia, "Baba, nije nikuchukue," jibu lake ni lile lile: "Usijisumbue mwanangu, weye pumzika."

Kijiweni Masaki wakawa wanamtania, mtoto dereva lakini baba mteja wa bodaboda. Wao wanacheka. Mimi ilikuwa inaniuma, wakuu, siwafichi.

Sasa mdogo wangu Mwanahawa ameolewa Rwanda, kule Rubavu, mji uliopo kando ya ziwa Kivu, ukivuka mpaka tu upo Kongo. Mwaka jana alijifungua mtoto wa kwanza. Bi mkubwa, mama yetu, akatangulia na basi kwenda kumlea mzazi. Ilipofika zamu ya mzee kwenda kumwona mjukuu na kumrudisha mkewe, ikawa kazi.

Ndege hataki hata kuisikia. Basi la siku mbili, goti lake haliwezi kukunjwa muda wote huo.

Likabaki gari langu, Premio la kawaida tu.

Nilikwenda Masaki kumwambia. Akauliza, "Unakwenda mwendo gani?"

"Mwendo utakaoniambia wewe, baba."

"Haya," akasema. Akaenda kutafuta koti lake.

Safari ya upande wetu sitawachosha. Morogoro, Dodoma, tukalala Singida, kesho yake tukalala Kahama. Mzee siku ya kwanza alishika kile kishikio cha juu ya mlango kuanzia Mlandizi mpaka Gairo. Ameshika tu. Siku ya pili alikiachia akaanza kula korosho. Nikasema moyoni, tunakwenda vizuri.

Siku ya tatu asubuhi tukafika Rusumo.

Hapo mpakani kuna maporomoko ya mto Kagera, maji yanapita chini ya daraja kwa kelele, mvuke unakupiga usoni. Mzee alisimama pale akayatazama muda mrefu. Sisi watu wa karibu na Ruvu tumezoea mto unaotembea taratibu. Akasema, "Huu una haraka kama wewe zamani." Akacheka. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akilitania lile jambo.

Kichekesho kingine kilikuwa cha korosho. Wanyarwanda mifuko ya nailoni hawaitaki kabisa, na mzee alizifunga korosho za mjukuu kwenye vifuko vya nailoni kama kumi hivi. Afisa akamwambia kwa upole kwamba korosho ni karibu, mifuko hapana. Mzee akavua kofia yake, akamimina zinazotosha, zilizobaki akajaza mifuko ya koti. Tuliingia nchi ya watu mzee akiwa kichwa wazi.

Sasa somo lenyewe linaanzia hapa.

Rwanda wanaendesha upande wa kulia. Gari langu usukani upo kulia pia, kama magari yetu yote. Maana yake dereva unakuwa upande wa mtaro, na anayeona katikati ya barabara ni abiria wako wa mbele. Ukiwa nyuma ya lori huoni kitu zaidi ya mlango wa nyuma wa lori.

Nililijua hilo, nilikuwa nimeambiwa. Nikajiambia miaka tisa ya barabara ya Morogoro inatosha.

Barabara zao ni za milima, kona juu ya kona, safi mpaka mzee akauliza, "Huku watu wanaishi au wanapita tu?" Bodaboda zao hata abiria amevaa helmeti. Mzee aliyasifia hayo yote akitazama dirishani, ametulia, mikono mapajani. Mimi kichwa kimevimba.

Baada ya kupita Kayonza tukakuta lori refu linapanda mlima polepole. Namba za Tanzania. Moyo ukafurahi, ndugu huyo!

Sasa nyie wa barabara ya Morogoro mnaijua lugha yetu ya indiketa. Wa mbele akiwasha ya kulia, anakwambia tulia, kuna kitu kinakuja. Akiwasha ya kushoto, pita, kweupe. Hakuna aliyetufundisha darasani, ila ndivyo tunavyoishi kutoka Kibaha mpaka Chalinze.

Jamaa akawasha ya kushoto.

Sikufikiri hata nusu dakika. Mtanzania mwenzangu kaniambia pita. Nikakanyaga mafuta, nikatoa pua ya gari.

"RUDI!"

Wakuu, ile sauti sijawahi kuisikia kwa mzee wangu. Mkono ukarudisha usukani kabla akili haijaelewa. Basi likatupita likishuka mlima, honi ndefu, kioo cha pembeni kikatikisika. Lingetukuta katikati, leo nisingekuwa naandika uzi.

Nikasogea mbele kidogo, nikapata sehemu pana, nikaegesha. Mzee ameshashika kile kishikio cha juu tena, na mkono mwingine upo begani, palepale alipovunjika.

Nilijua kinachofuata. Atashuka, ataomba nimtafutie basi, na hatapanda tena gari langu mpaka nimzike au anizike.

Lile lori nalo lilikuwa limesimama mbele yetu kupoza injini. Dereva akashuka akatufuata, mtu mzima kidogo, lafudhi ya Tanga.

"Shikamoo mzee. Poleni. Ndugu yangu, mara ya kwanza huku?"

Nikamwambia ndiyo.

"Huku tunageuza. Tupo upande wa kulia, kwa hiyo kushoto ndiyo katikati ya barabara. Nikiwasha kushoto nakwambia kaa hapo hapo. Kulia ndiyo pita. Wageni wetu wengi wanaanguka hapo."

Alikuwa ananiambia kuna basi linakuja. Mimi nikasoma kinyume, kwa ujuzi wangu wa miaka tisa.

Akaaga. Tukabaki mimi na mzee. Nikasema, "Baba, nisamehe. Nitakutafutia usafiri mwingine hapo mbele."

Mzee akaachia kile kishikio. Akauliza, "Ukiwa nyuma ya lori, weye unaona mbele?"

"Sioni baba."

"Mimi naona. Nimeliona lile basi tangu lipo kule juu."

Akanigeukia.

"Kondo, mtu anayeona amekaa pembeni yako. Kwa nini huniulizi?"

Mzee wangu hajawahi kuendesha chochote zaidi ya baiskeli. Lakini alibeba magunia ya mkaa kwa baiskeli kutoka Masaki kwenda mjini miaka na miaka, malori yakimpita sikioni. Mwendo wa lori anaujua kwa kusikiliza tu. Na mimi siku zote nilikuwa nataka anione najua, sikuwahi kumwuliza anachojua yeye.

Akavuta mkanda, akauangalia kama umebana, akasogea mbele kwenye siti.

"Haya twende. Ila mpaka niseme."

Kuanzia hapo, wakuu, tuliendesha wawili. "Subiri. Subiri, kuna pikipiki. Subiri. Haya, twende!" Mimi nakanyaga. Hajakosea hata mara moja. Tukapita Kigali, ile mizunguko ya barabara zao ananihesabia njia za kutokea. Tukapanda mpaka Musanze, ile milima ya volkano ikatokea yote, vilele vimo ndani ya mawingu. Mzee akasema, "Na sisi tunaita Pugu milima." Tukasimama, akataka picha, tena mkono mmoja juu ya boneti kama mwenye gari.

Tulifika Rubavu jua bado lipo. Mwanahawa katoka mbio na mtoto mkononi, bi mkubwa nyuma yake. Kabla hata ya kumpokea mjukuu, mzee akamwambia mkewe, "Mimi na Kondo tumeendesha kutoka Kibaha."

Wakuu, nilijifanya natoa mizigo kwenye buti. Niliitoa kwa muda mrefu sana.

Tulikaa wiki moja. Ziwa Kivu tumelitembelea, samaki wadogo wa kukaanga tumekula, Kongo mzee ameonyeshwa kwa kidole akaitazama akaridhika. Wakati wa kurudi bi mkubwa alitaka kukaa mbele kwa sababu ya kichefuchefu. Mzee akamkatalia kabisa. "Hapo pana kazi, mama Kondo. Kaa nyuma."

Tukavuka Rusumo, tukarudi upande wetu wa kushoto. Sasa mimi ndiye nipo katikati ya barabara, naona kila kitu, na mzee yupo upande wa mtaro, haoni zaidi ya tela la lori.

Hatujafika mbali tukakuta lori linapanda. Kweupe kabisa. Mzee akasogea mbele kwenye siti, akakaza macho.

"Subiri," akasema.

Nikasubiri.

"Subiri... haya, twende."

Nikaenda. Na ndivyo tulivyokuja, Kahama, Singida, Dodoma, mpaka Kibaha, na kesho yake mpaka Masaki. Pale kijiweni akaniambia nipunguze mwendo, akashusha kioo, akawasalimia wote kwa majina, mmoja mmoja.

Nilichojifunza: ukivuka mpaka, uzoefu wako uache mlangoni kama viatu, uingie unauliza. Na wa kwanza kumwuliza ni aliyekaa pembeni yako.

Siku hizi mzee akitaka kuja Kibaha ananipigia simu mwenyewe. Ninakwenda kumchukua, anakaa mbele, ananiambia nisubiri. Mpaka leo sijamwambia kwamba huku naona mwenyewe, na nyie mkifika Masaki msije mkamwambia.

Madereva wa njia za Kigali, Lubumbashi na Lilongwe, njooni mnisahihishe nilipokosea kuhusu hizo indiketa. Wengine semeni, mkiendesha, nani anawaambia "haya, twende"?