Vipimo vya Maji Alivyoviacha Ochen

Watu wa bondeni walimwita Akiror dada wa vipimo. Alizaliwa Merikit, akasoma chuoni Busitema, akabaki hapo kufundisha. Yeye na Ochen, kijana wa Nagongera aliyesoma naye, ndio waliosimika nguzo kando ya mto, kila moja na kifaa kidogo cha kupima kina cha maji. Vilikuwa vifaa vya bei rahisi, kumbukumbu yake finyu: kimoja kiliweza kushika kipimo chake cha mwisho na neno la majirani zake, basi. Kwa hiyo Ochen alivifundisha kuulizana. Kimoja kikifa au kikidanganya, vingi vilivyobaki vikikubaliana kwamba maji yamepanda, king'ora juu ya paa la kanisa hulia.

Kisha Ochen akapata nafasi ya masomo ng'ambo. Mwanzoni alipiga simu kila jioni. Baadaye zikawa meseji, halafu salamu za Krismasi. Akiror alifyeka nyasi, akabadilisha betri, na kila alipofika nguzo ya darajani, ambayo Ochen aliisimika mwenyewe, alikawia pasipo kazi.

Mwaka huu mvua ilimwagika mchana kutwa. Nguzo kadhaa zilisombwa. Ile ya darajani, tope limeiziba, ikashikilia kwamba mto umekauka. Zilizobaki zikaikatalia. King'ora kikalia, na mama mmoja aitwaye Taaka akawakusanya majirani, wakaswaga ng'ombe na kubeba watoto hadi mwinuko wa kanisani. Nyumba zilianguka, ila watu walipona.

Akiror alimpigia Ochen kabla hata ya kunawa matope. Ochen alifurahi mno, akauliza ni nguzo zipi zilinyamaza na zilizobaki zilichelewa kiasi gani kukubaliana. Akiror akamjibu yote, kisha akasema, "Rudi ujionee."



"Si unaona kazi inaendelea bila mimi?" Ochen akasema. "Ndivyo tulivyotaka."

"Hivyo ni vyuma, Ochen. Mimi nakuuliza wewe."

Ochen akasema anaitwa kikaoni, atapiga baadaye. Hakupiga.

Jumapili Taaka alimletea Akiror kuku wa shukrani, akamuuliza yule kijana mwenzake yuko wapi siku hizi.

"Bado yuko masomoni, mama," Akiror akajibu, akainama kumfungua kuku kamba ya miguuni.