Wageni wa Mama Kelele

Maktaba ilikuwa na chumba cha vijana, na machoni pa Mkuu wa maktaba kilichokiharibu chumba hicho ni kitu kimoja tu: vijana. Walikalia viti. Walitoa vitabu kwenye rafu wakavirudisha popote mkono ulipofika. Walicheka. Kwa amri ya Mkuu viti vilikuwa bado vimevaa nailoni ya dukani, na mtu akijigeuza kidogo vilitoa mlio ambao hakuna mwenye umri wa miaka kumi na minne anayeweza kuusikia akabaki na heshima zake.

Mkutubi wa chumba hicho wenzake walimwita Mama Kelele, ingawa sauti yake ni ya chini, na akikasirika huzidi kushuka. Mwaka ule alinong'ona karibu kila siku.

Mkuu alitaka chumba kiwe ukumbi wa mikutano. Watu wa mikutano huvaa tai na hawagusi vitabu. "Niletee shule, dada," alimwambia. "Shule moja tu, ije rasmi, nione kama kuna haja. Usipoileta, muhula ujao naweka meza ndefu."

Mama Kelele akaenda shule. Mwalimu mkuu alimtuma kwa mwalimu wa taaluma, mwalimu wa taaluma akamtuma kwa mwalimu wa zamu, na mwalimu wa zamu, baada ya kufikiri sana, akamrudisha kwa mwalimu mkuu. Wote walisema wazo ni zuri. Hakuna kitu kinachoua wazo haraka kama kusifiwa na watu watatu. Alipigwa danadana mpaka mlinzi wa geti akawa anamsalimia kama shemeji.

Aliyemwokoa ni mwalimu wa lugha, kijana mwenye shati lisilojua pasi. "Jumamosi, mama," alisema. "Jumamosi hakuna anayeniuliza niko wapi. Basi la shule nitaliomba."

Jumamosi ikafika. Mama Kelele alikuwa ndani anapanga vitabu mezani. Mlangoni alisimama Mkuu mwenyewe, amevaa suti ya kupigia picha, na wa kwanza kuja walikuwa walewale wa kila siku, wamevaa nguo za nyumbani, maana Jumamosi sare huwa kwenye kamba. Mbele yao alikuwa msichana waliyemwita Wakili, kwa kuwa hajawahi kukubali jibu la kwanza.

"Leo hatufungui," alisema Mkuu. "Tuna wageni."

"Wageni gani?"

"Wanafunzi."

"Na sisi ni wanafunzi, mzee."

"Wanafunzi wa kweli. Haya, nendeni mkacheze."

Wakaenda. Mkuu akapangusa mikono kama mtu aliyetoa taka.

Basi likafika baadaye kidogo. Akashuka mwalimu, na nyuma yake wanafunzi wachache mno, wakifuatana kama meno ya kizee. Mama Kelele alitoka kuwapokea, akawahesabu mara mbili.

"Dada," Mkuu alisema kwa upole wa mtu aliyeshinda, "hii ni shule au ni familia? Jumatatu naagiza meza."

Mwalimu alikuwa anaangaza huku na huku. "Wengine wako wapi? Nusu ya darasa langu wanakaa mitaa ya hapa nyuma. Jana jioni niliwaambia watangulie kwa miguu, tukutane mlangoni."

Mkuu akaanza kuikagua tai yake.

"Umewafukuza?" Mama Kelele alinong'ona. Sauti ilikuwa imeshuka hadi mahali ambapo wanaomjua huanza kutafuta pa kupita.

"Nilidhani ni wale wa kila siku."

"Ndio haohao wa kila siku! Ulitaka kuwatoa watoto ili uwaonyeshe watoto chumba cha watoto?"

Akatoka kuwatafuta. Aliwakuta wamekaa kwenye ngazi za duka lililofungwa, nyuma ya maktaba.

"Haturudi, mama," alisema Wakili. Macho yake yalikuwa mekundu, na alikuwa anayaonea hasira pia. "Tumeambiwa sisi si wa kweli. Hata kusema mwalimu ndiye aliyetutuma hakutupa nafasi."

"Sikuombi umsamehe. Mimi mwenyewe sijamsamehe, na sina mpango huo. Lakini msipokuja, Jumatatu anakuwa na meza yake. Nakuomba uje umkere."

Wakili akainuka.

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Akasimama kizingitini, akawazuia wenzake kwa mikono miwili.

"Hodi!"

"Ingieni tu," alisema Mkuu.

"Hodi!"

Mwalimu akaona kitu cha kumvutia sana kwenye dari.

"Mzee," Mama Kelele alinong'ona, "wageni wanabisha."

"Karibuni," Mkuu aliviambia viatu vyake.

"Hatujasikia!"

"KARIBUNI!" alipaza sauti, chini ya kibao alichokitundika mwenyewe kilichoandikwa KIMYA.

Wakaingia, wakajaa, viti vikalia vyote kwa pamoja. Mama Kelele akachukua mkasi, akaanza kuchana nailoni, kiti kimoja baada ya kingine, huku anamtazama Mkuu usoni. Hakuzuiwa. Mwalimu alikuwa anapiga picha.

Meza ndefu haikuagizwa. Msamaha nao haukuombwa, na Mama Kelele bado ananong'ona. Lakini tangu siku ile hakuna kijana anayeingia chumba kile bila kupiga hodi, kwa sauti ya kuvuka mto, kila mmoja kwa zamu yake. Ofisi ya Mkuu iko mlango wa pili, na Mkuu, pamoja na kasoro zake zote, alilelewa kwao akafundishwa kwamba hodi haiachwi bila jibu.