Maharagi ya Mama Kavira na Robinet Yangu

Bandugu, leo soko muzima ilisikia sauti yangu!

Asubuhi nilibeba sufuria ya maharagi mpaka kwa Mama Kavira, muuzaji wa kutoka Butembo. Nilipika jana siku muzima, yakabaki mawe.

Nikamuambia mbele ya watu: «Mama, unatuuzia maharagi ya zamani!»

Wateja wake wakaanza kuondoka.

Mama Kavira akaniuliza: «Papa, ulipika na maji gani?»

«Ya robinet yangu, bomba ya nyumbani! Nilichimbisha kisima mimi mwenyewe. Hapa Tshopo hakuna maji kama yangu!»

«Na maji hiyo, sabuni inatoa povu?»

Bon... hapana.

«Na birika, ndani iko na chokaa nyeupe?»

Nikajibu polepole: «Iko nayo.» Mimi, kusema polepole!

«Basi, ile chokaa ya maji yako ndiyo inakataza maharagi kuiva.» Akatwaa maharagi ya gunia ile ile nilinunua, akapika na maji ya mvua. Nilikaa pale pale kumuchunga, asinidanganye.

Yakaiva, laini kabisa.

Alors, mwanaume ni mwanaume. Nikasimama juu ya kiti: «Maharagi ya huyu mama iko mazuri! Maji yangu ndiyo mabaya!»

Watu wakarudi mbio. Nililalamika kwa nguvu, nikasifu kwa nguvu zaidi.

Kugeuka ninunue yangu, gunia imeisha.

Sasa niko nyumbani na ndoo ya maji ya mvua. Nani ananipa maharagi?