Siku Tatu Nilizosema Bado

Mwaka mitumba ilipoanza kujaa sokoni Songea, nilimzika mwanangu wa kiume akiwa na siku mbili. Wiki mbili baadaye mpangaji mwenzangu pale Mjimwema, mwanamke aliyetoka kijiji cha Nakapanya, alijifungua wa kwake, mzima. Nilimpelekea uji, nikampa hongera. Moyoni sikumpa.

Kwao mtoto wa kiume huenda jandoni akishakua, na mama yake hamwoni mpaka apone. Lakini mumewe alitaka mtoto atahiriwe mapema, hospitalini, na siku ya nane akatahiriwa. Mama akaifuata miiko ya jando kwa mtoto mchanga.

"Kidonda chake mimi sikitazami," aliniambia. "Nisaidie kumwogesha, dada, mpaka apone."

"Na kunyonya?"

"Atanyonya. Nitageuza uso."

Alimnyonyesha hivyo hivyo, macho ukutani, mtoto amemviringisha kwenye khanga mpaka miguuni. Khanga ilisugua kidonda. Mtoto akalia, akaachia titi.

"Hanitaki," alisema.

Sababu niliijua. Nilinyamaza.

Kwangu alilala miguu wazi. Nilimsafisha kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, nikamwimbia wimbo niliokuwa nimemwekea wangu. Alitulia, akanikodolea macho. Maziwa yangu hayakuwa yamekauka, yakanilowesha blauzi. Sikumnyonyesha, Mungu anajua. Nilitamani.

Baada ya siku kumi kidonda kilikuwa kimefunga. Asubuhi hiyo mama yake aliuliza kutoka mlangoni, "Tayari?"

"Bado."

Kesho yake nikasema bado. Na keshokutwa.

Siku ya nne hakuuliza. Alisimama mlangoni akitutazama nyuso tu, mimi nikimwogesha, mtoto akinitazama mimi.

"Anakuangalia kama wewe ndiye uliyemzaa," alisema taratibu. "Mimi hajaniangalia hivyo hata mara moja."

Sauti ile niliifahamu. Ndiyo iliyokuwa kifuani mwangu tangu siku ya uji.

"Amepona," nikasema. "Siku tatu sasa. Nilikuficha."

Alikaa kwenye mkeka, akanyoosha mikono. Nilimpa mtoto bila khanga, nikamwonyesha namna ya kuiacha miguu huru. "Sasa mtazame."

Akamtazama. Mtoto alilia, akageuza kichwa upande ilikotoka sauti yangu. Nitasema kweli, kule kunitafuta kulinipendeza. Nikafunga mdomo, nikachukua beseni, nikatoka kwenda kumwaga maji.