Mbuzi katika Muhogo Mchungu

Kila mafuta ya mawese yanapopashwa moto jikoni, mimi husikiliza pumzi ya mnyama.

Tulikuwa na mbuzi mmoja tu, mwenye mimba, na samadi yake ndiyo iliyostawisha maharage yetu. Siku ile nilimfunga kwa kamba legevu, nikaenda kucheza ziwani. Niliporudi, alikuwa ameanguka katika muhogo mchungu, tumbo limevimba, majani mabichi yangali mdomoni. Majani hayo huua.

Mama alimpanua taya, akammiminia mawese ya vuguvugu ili kuizima sumu.

“Kamata kichwa, we mutoto. Unalia nini? Haiyakufa bado.”

Nilikishika kichwa nikisikiliza pumzi zikipungua. Baba akarudi kutoka bondeni, jembe begani, akasimama juu yetu.

“Nani alifunga hii mbuzi?”

Niliinamisha uso kwenye manyoya ya mbuzi.

“Ni mi,” mama alisema.

“Mama batoto, umeanza kuzeeka?”

Baada ya muda mrefu mbuzi alitikisa sikio, akapiga mbweu, akaanza kucheua. Baba aliinama kumpapasa tumbo. Mama alikuwa akinitazama mimi, nami niliendelea kukishika kile kichwa, ingawa hakikuhitaji tena kushikwa.