Usipake Hina Kabla Hujaachiliwa

Siku ambayo haijanitoka akilini, mwanangu, ni ile niliyokaa ndani ya hema la waigizaji kule Ngaremara, mikono yote miwili nimeificha chini ya leso, nikiomba jina langu lisiitwe. Nje walikuwa wakifunga taa na kusogeza kamera. Kila aliyepita karibu na mlango nilidhani amekuja kunichukua. Mtu akinisalimu nilimwitikia kwa kichwa tu, maana kumpa mkono nisingeweza.

Nakueleza habari hii kwa sababu nimesikia nawe umeitwa odisheni. Picha zako zimewapendeza, na hapa Kiwanjani kila jirani anakupongeza. Mimi pia nimefurahi. Lakini tangu nisikie, sipati utulivu. Najua utaingia mahali ambapo watu wana maneno yao, wanayasema haraka, na hawana nia mbaya. Wanadhani tu kwamba kila aliyefika pale anayajua.

Wakati huo nilikuwa msichana wa kuuza vitambaa katika duka moja mjini. Watu wa filamu walikuja kutoka Nairobi wakitafuta sura za huku kwetu, wakatuita odisheni, yaani kujaribiwa mbele ya kamera. Baadaye wakaniita tena, na hiyo waliiita kolbeki. Dukani nilipongezwa kana kwamba kazi nimeshapata. Kumbe kolbeki ni kujaribiwa mara ya pili, na wengi huishia hapo. Kisha wakaniambia niko holdi. Nikauliza wasichana wenzangu maana yake, kila mmoja akanipa jibu lake. Maana yake halisi ni kwamba wanakuomba usijifunge kwa shughuli nyingine katika siku zao, nao bado hawajaamua kama watakuchukua. Unawangojea, wao hawajakuahidi. Nilikaa katika hali hiyo nikishindwa hata kula vizuri.

Mwishowe nilichukuliwa. Nilipewa nafasi ya mjane kijana, mke wa mfugaji aliyeuawa njiani akitoka mnadani na mifugo.

Aliyenipa ruhusa alikuwa akko wangu. Sisi Waborana bibi tunamwita akko, na huyu ndiye aliyenilea. Yeye mwenyewe alikuwa mjane, alikaa eda yake yote katika nyumba tuliyoishi, bila manukato, bila pambo lolote. Hakupenda habari za filamu, lakini hakunikataza. Alinipa sharti moja tu. Alisema ujane si jambo la kuchezea, na kama nitamwigiza mjane, basi nimwigize kama wajane walivyo, asije yeye akageuziwa uso sokoni na wanawake wenzake. Nilimwahidi. Ahadi ile ndiyo iliyokuwa ikinitoa jasho ndani ya lile hema.

Sasa nikueleze kazi ya Njeri. Njeri alikuwa dada wa kutoka Nyeri, mpole lakini mkali wa macho, na kazi yake iliitwa kontinuiti. Filamu haipigwi kwa mpangilio utakaoiona nao. Leo unaweza kupigwa ukiingia mlangoni, na wiki ijayo upigwe ukiwa upande wa pili wa mlango huohuo. Kwa hiyo lazima mtu awepo wa kuhakikisha kwamba leso imefungwa upande uleule, vumbi liko kwenye viatu vilevile, na nywele hazijakatwa. Njeri alinipiga picha asubuhi na jioni: kichwa, miguu, mikono. Nilimtania kwamba ananichunguza kama mbuzi wa mnadani. Akanijibu kwamba mbuzi wa mnadani ana raha, yeye akishauzwa haitwi tena.

Siku ya mwisho wa kazi yangu, kijana mmoja aliyemsaidia mwongozaji, jina lake Kevo, alipaza sauti kwamba ni rapu kwa Talaso. Talaso ndiye mimi. Rapu ni kumaliza, na mwigizaji akimaliza hupigiwa makofi na kila mtu, mpaka wapishi. Mwanangu, hujui utamu wa makofi yale kwa msichana wa duka. Katikati ya makofi Kevo alinisogelea akasema kwamba bado niko holdi mpaka waangalie picha, huenda kukawa na rishuti, na kwamba rilisi atanitumia yeye mwenyewe.

"Sawa?" akauliza.

"Sawa," nikasema.

Neno nililolishika lilikuwa rapu tu. Rishuti, yaani kurudia kipande kilichoharibika, sikuijua. Rilisi, yaani kuambiwa rasmi kwamba sasa umeachiliwa na mwili wako ni wako tena, sikuijua kabisa. Na holdi nilidhani ni ya wanaoanza, si ya waliokwisha kupigiwa makofi.

Juma lile dada yangu Sadia alikuwa anaolewa Garbatulla. Unajua mambo ya harusi zetu. Bibi harusi hupakwa hina, na dada zake nao hupakwa. Dada wa bibi harusi akionekana na mikono mitupu, wageni wataanza kuulizana kama bwana harusi hakumpendeza. Wanawake walinikalisha mkekani wakanipaka maua mekundu, na piko nyeusi kwenye ncha za vidole, mpaka juu ya vifundo vya mikono. Mama mmoja alisema mikono yangu imepokea rangi kuliko ya bibi harusi mwenyewe, tukacheka sana.

Harusi haijaisha, simu ikalia. Alikuwa Kevo. Kipande kimoja hakikutoka vizuri, kilikuwa na ukungu, nami nilitakiwa Ngaremara kesho yake. Nikamuuliza ni kipande gani.

"Kile cha kupokea koti la marehemu," akasema. "Usijali, uso wako hatuutaki. Ni mikono tu."

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikaosha mikono kwa sabuni ya unga. Nikaosha kwa ndimu. Nikasugua kwa majivu mpaka ngozi ikauma. Hina ya siku ya kwanza, mwanangu, ukiihangaikia unaizidisha. Ilikuwa ya rangi ya chungwa, ikawa ya damu. Akko aliniona. Alisema tu kwamba tutarudi pamoja, na kwamba safari hii atakwenda nami mpaka huko kwa watu wa filamu.

Ndivyo nilivyofika kwenye hema lile. Akko alikuwa nje, ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na wapishi, na tasbihi yake. Mimi ndani nilikuwa nikihesabu waliofika kwa ajili ya mikono yangu: wa taa, wa sauti, wa mavazi, dereva, mwenye jenereta. Wote hao walikuwa wametoka mbali kupiga picha kitu kilichokuwa chini ya leso yangu.

Njeri aliingia na kamera yake ndogo. Aliniambia nimwonyeshe mikono. Nikachelewa, akanitazama usoni kwanza, kisha nikafunua.

"Wee, Talaso," akasema polepole. "Hukungoja rilisi?"

Alimwita mwongozaji. Alikuwa Bwana Mutua, mtu mzima, mchovu, asiyependa kelele. Nilitarajia atanifukuza. Alinishika kifundo cha mkono, akaugeuza kwenye mwanga, akasema kwamba hata inapendeza, na kwamba wapige hivyohivyo kwa sababu jua linawaacha. Njeri akamkumbusha kwamba katika kipande cha kabla ya hapo mjane ananyoosha mikono mitupu. Mtazamaji atadhani ni wanawake wawili. Bwana Mutua akafikiri kidogo. Akasema kama ni hivyo watalirudia onyesho lote, na mjane awe na hina tangu mwanzo.

Hapo ndipo hofu yangu ilipobadilika. Hadi wakati ule nilikuwa naogopa kulaumiwa. Sasa nilikuwa nimepewa njia ya kuponea. Ningenyamaza tu, kosa lingekuwa limefutika, na hakuna mtu pale ambaye angenilaumu. Ningeitwa tena kazi nyingine. Nikatazama kwenye uwazi wa hema, nikamwona akko akipokea kikombe cha chai kwa mikono yake miwili.

"Mjane akiwa edani hapaki hina," nikasema. "Mkimwonyesha hivi, huku kwetu hawataona mjane. Wataona mwanamke aliyefurahi mume wake kufa."

Bwana Mutua hakukasirika. Aliniuliza kwa sauti ya kawaida, "Hao wa huku kwenu, Talaso, ni wangapi watakaoiona hii filamu?"

"Ndio hao mnaowaonyesha ndani yake," nikamjibu. "Bibi yangu ni mmoja wao. Yuko hapo nje."

Nilijua ninaweza kuwa nimejifukuzisha mwenyewe. Bwana Mutua alijikuna kidevu, kisha akamuuliza Njeri kama wanaweza kupata dabo. Dabo ni mtu anayepigwa badala yako pale ambapo uso hauonekani: mgongo, miguu, au mikono. Njeri akaenda kwa wanawake wa Ngaremara waliokuja kuwa ekstra, wale wanaopita nyuma ili mahali paonekane pana watu. Akarudi na mama mmoja Mturkana, Akiru, muuza makaa wa barabarani, mwembamba kama mimi, mwenye mikono mirefu iliyokauka kwa kazi.

Alipoelezwa, Akiru alijitazama juu mpaka chini.

"Mikono tu?" akauliza. "Na uso wangu umewakosea nini?"

Watu walicheka, hata Bwana Mutua. Mimi sikuweza kucheka. Walimvalisha gauni langu. Nilikaa nyuma ya kamera na shuka ya kuazima nikamtazama akipokea koti la mume wangu wa filamu. Walimwambia alipokee na kulikunja, basi. Akiru alilipokea, akapitisha kidole gumba kwenye ukosi, taratibu, mahali ambapo shingo ya mtu huchafua nguo, kisha akalikunja. Hakuna aliyemfundisha. Bwana Mutua alinyanyua mkono kuwaashiria wasizime.

Filamu ilipoonyeshwa mjini, wanawake walilia hapo hasa. Jirani mmoja alinijia akanishika mikono akaibusu. Nikamwambia ni ya Akiru wa Ngaremara. Akadhani ninajishusha.

Lakini nirudi jioni ya siku ile. Tulipofika nyumbani akko alivua viatu, akaswali, akaja akaketi karibu nami. Aliniuliza kama wale watu waliniambia ningoje. Nikasema waliniambia. Akauliza kama niliwaelewa. Nikasema hapana. Akauliza nilijibu nini.

"Nilisema sawa, akko."

"Basi hiyo sawa ndiyo iliyokupaka hina," akasema. "Usiwasingizie wanawake wa Garbatulla."

Nikadhani amemaliza. Kisha akasema jambo ambalo nimeishi nalo mpaka leo. "Nilikusikia ulipomkataza yule bwana. Ulikuwa na sauti. Kwa nini hukuwa nayo walipokuwa wakikupigia makofi?"

Jibu nimelitafuta kwa miaka yote niliyoendelea na kazi hii, kwanza mbele ya kamera, kisha nikiwasindikiza wasichana kama wewe. Nilijisomea mwenyewe, nikauliza kila neno kwa kila aliyenivumilia, na nilichogundua ni hiki: mtu huuliza kwa urahisi anapoogopa, bali anapopendezwa huitikia tu. Kwa hiyo hatari yako, mwanangu, haiko siku watakayokukemea. Iko siku watakayokusifu.

Basi sikiliza. Wakikuita kolbeki, furahi, lakini usiache kazi yako. Wakikuweka holdi, waulize mpaka lini, na kama kuna mwingine aliye mbele yako. Wakitaka picha zako za kawaida, zisizo na vipodozi, ni sawa, mawakala wote huziomba. Hizo hupigwa ukiwa umevaa nguo za heshima, na mtu wako wa nyumbani akiwepo. Anayekuambia ni lazima uvue, tena mkiwa wawili tu, huyo hatafuti mwigizaji wala mwanamitindo, ondoka. Picha yako ikishapigwa, uliza itatumika wapi na kwa muda gani, kwa maana uso wako unaweza kubandikwa kwenye tangazo la kitu usichokubali hata kukigusa, nawe umekwisha kukubali. Na rapu isikudanganye. Makofi si ruhusa. Usikate nywele, usisuke, usipake hina, mpaka umeambiwa wazi kwamba umeachiliwa. Kama nyumbani kuna harusi au tanzia, waambie mapema kabla hujasaini. Watu wa kazi hii wana ubinadamu, wakijua kwa wakati watapanga.

Neno usilolielewa, sema hulielewi. Sema hivyo mbele ya watu, hata kama wote wanakutabasamia. Watakaokucheka watakucheka siku hiyo moja tu.

Nenda na radhi yangu. Mwenyezi Mungu akulinde mbele ya macho ya watu na pale wasipokuona, akukutanishe na wenye kukueleza kwa upole, akupe riziki isiyokuvunjia heshima, na akurudishe kwetu ukiwa bado ni yule tuliyemsindikiza.