Rufani Tuliyoshinda

Gazeti likiandika kwamba raia fulani amekwenda mahakamani kupinga uamuzi wa waziri, au wa mkuu wa nchi mwenyewe, wenzangu huanza kubishana nani atashinda. Mimi huwaza mambo mawili tu: nani aliyemwandikia yale maombi, na ameambatanisha nini nyuma yake. Mara moja katika maisha yangu niliandika rufani ya kupinga amri ya serikali. Ilifika hadi kwa Gavana, na tulishinda. Sijaandika nyingine tena.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa nyumbani likizo, nimetoka chuoni kule Kampala. Kwetu ni upande wa Kahama, siku moja ya mwendo kabla ya kufika Ushirombo. Nilirudi na suruali mbili za kaki, kalamu ya wino, na maoni juu ya kila kitu. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa na zizi kubwa kuliko yote kijijini, na hilo ndilo lililomponza. Serikali ilikuwa imeamua kwamba ng'ombe wetu ni wengi mno na wanaimaliza ardhi. Watu wa bwana mifugo walipita zizi kwa zizi, wakahesabu, na kila mtu akaambiwa apeleke wangapi mnadani. Mjomba aliambiwa kumi na wawili.

Kwa zizi la ng'ombe themanini na kitu, kumi na wawili si wengi. Lakini katika hao themanini, wa mjomba walikuwa kumi na wanne. Wengine wote walikuwa wa watu.

Asiyekulia kwetu huenda asielewe. Kwetu mtu mwenye busara haweki ng'ombe wake wote nyumbani kwake. Humpelekea mtu anayemwamini, mbali kidogo, alfajiri kabla majirani hawajatoka nje. Yule anayetunza hunywa maziwa, hupata mbolea, na ng'ombe wakizaa vizuri hupewa ndama wa shukrani. Ugonjwa ukiingia zizi moja, hauui mali yote. Hiyo ndiyo sababu inayosemwa. Sababu isiyosemwa ni kwamba ng'ombe wasioonekana hawaombwi. Mtoto anayetaka mahari, shemeji mwenye shida, mkwe asiyetosheka, wote wakija wanakuta zizi lina ng'ombe watatu waliokonda, wanapewa pole na uji. Mtunzaji kazi yake kubwa si kuchunga. Ni kunyamaza. Na mjomba alisifika kwa kunyamaza.

Alianza kulalamika barazani kwa mtemi. Mtemi akasema amri si yake, ni ya Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya. Akaenda bomani kwa Bwana Shauri, ambaye alimpa kiti, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akaamua kwamba amri ya Bwana Shauri ni halali. Mkubwa wa jimbo alijibu kwa barua ya mistari miwili. Akabaki Gavana, na kwa Gavana ilitakiwa barua ya Kiingereza.

"Andika kwamba ng'ombe si wangu," mjomba aliniambia.

"Ni wa nani?"

"Ni wa watu."

"Watu gani, mjomba? Gavana atataka kujua."

"Gavana ni mtu mzima. Ataelewa."

"Wazungu hawaelewi hivyo. Wanataka ushahidi."

"Wewe andika tu kwamba siwezi kuuza kitu cha mtu. Hilo hata Mzungu analijua."

Niliandika kurasa tano. Neno la unyenyekevu lilijitokeza humo labda mara tisa, na kuna sentensi moja iliyoanza juu ya ukurasa ikaishia chini, ambayo niliionea fahari kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya. Lakini nilipomaliza niliona kuna pengo. Dai bila ushahidi ni kelele. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Nami ushahidi nilikuwa nao. Nilikuwa nimechunga ng'ombe wale tangu nikiwa mdogo, nikimjua kila mmoja kwa rangi yake na jina la mwenyewe. Nikachukua karatasi ya sita, nikapiga mistari kwa rula, nikaandika majina kumi na tisa, na mbele ya kila jina idadi ya ng'ombe wake. Nikaibana nyuma kwa pini.

Mjomba nilimsomea kurasa zote tano, nikimfasiria kwa Kisukuma. Ya sita sikumsomea. Nilijiambia ni kiambatisho tu.

Barua ya Gavana haiendi kwa Gavana moja kwa moja. Sheria ilitaka ipitie kwa Bwana Shauri, naye aipeleke juu. Ilipanda, na majibu yakashuka kwa njia ileile, yakizidi kunenepa kila ofisi yaliyopitia. Yalipofika kwa mtemi nilikuwa likizo nyingine. Tukaitwa barazani.

Nyumba ya baraza ilikuwa ya matofali mabichi na bati, na siku ile ilijaa hadi madirishani, kwa sababu habari zilikwishaenea kwamba Gavana amemjibu mtu wetu. Mtemi alikaa katikati, wazee wa baraza wanne kandokando yake. Karani wa mtemi, kijana aliyesoma misheni na kupenda sana sauti yake, alisimama na barua.

Aliisoma kwa Kiswahili. Mheshimiwa Gavana ameyasoma maombi. Ameridhika kwamba mwombaji anasema kweli, na kwamba si haki kumtoza mtu kwa ng'ombe wasio wake. Amri juu ya mwombaji imefutwa.

Watu walipiga vigelegele. Mama yangu alikuwa dirishani, nikamwona akimwambia jirani yake kitu, jirani akanitazama kwa heshima. Nilirekebisha kola.

"Bado," karani alisema, akafunua ukurasa. "Kwa hiyo, amri itawahusu wenye ng'ombe wenyewe, kila mmoja kwa kadiri ya ng'ombe wake, kama mwombaji alivyowaorodhesha." Akakohoa, akaanza kusoma majina.

La kwanza lilikuwa la fundi cherehani wa pale sokoni. Watu walicheka kidogo. La pili halikuchekwa. La tatu lilikuwa la mzee wa baraza aliyekaa mkono wa kulia wa mtemi, ng'ombe kumi na mmoja. Mzee yule mwaka wa jana alikuwa amewaambia wakwe wa mwanawe, mbele ya mashahidi, kwamba ng'ombe wake wote wameisha kwa ugonjwa wa sotoka, na wamsubiri kwa mahari.

Mkwe alikuwemo humohumo. Alisimama polepole, akiegemea fimbo yake.

"Kumi na mmoja?" aliuliza. "Wamefufuka lini?"

"Kaa chini, baba," mtemi alisema.

"Nakaa, mtemi. Nauliza tu ili nifurahi pamoja nao."

Karani alitaka kuendelea. Mjomba akasimama. Hakunitazama. Laiti angenitazama.

"Mtemi," alisema, "orodha hiyo ni ya uongo."

"Si imetoka kwako?"

"Imetoka kwa mpwa wangu. Huyu mtoto amesoma sana. Wakisoma sana wanaona vitu."

Kicheko kilipasuka mpaka nje. Nilikitazama kiatu changu cha kulia, kisha cha kushoto.

"Basi wale ng'ombe ni wa nani?" mtemi aliuliza. Alikuwa anajua. Wote walikuwa wanajua, na wote sasa walikuwa wanamngoja mjomba.

"Wangu."

"Wote?"

"Wote, mtemi. Mimi ni mtu tajiri. Nilikuwa naona haya kusema."

Karani, ambaye hakuwa mtu wa kwetu, aliingilia kwa nia njema kabisa. "Mzee, fahamu unachosema. Gavana amekupa haki. Ukisema ni wako, umeikataa, na kumi na wawili wanatoka kwako."

"Wanatoka kwangu," mjomba alisema, akakaa.

Wangeweza kutoka kumi na wawili wowote. Hakuna ambaye angeuliza. Wenyewe wasingeweza kufungua mdomo. Kesho yake asubuhi mjomba aliingia zizini akawatenga mmoja mmoja, na kila aliyemtoa alikuwa wake. Alimtoa dume mweusi mwenye baka jeupe shingoni. Alimtoa ng'ombe wa maziwa ambaye mkewe alimwita kwa jina. Mimi nilisimama langoni na fimbo, nikihesabu bila kutaka. Waliobaki kwake walikuwa wawili.

Tuliwaswaga hadi mnadani. Mnunuzi aliwachukua wote, akasema watapelekwa Geita kwa miguu, kulisha watu wa mgodini. Njiani kurudi nilitafuta neno la kusema. Nilikuwa na mengi kwa Kiingereza.

"Mjomba, nisamehe."

"Umetembea vizuri," alisema. "Nilidhani chuo kimekulegeza miguu."

Siku chache baadaye, alfajiri, yule mzee wa baraza alifika na mitamba wawili. Walisalimiana kwa kirefu kama kawaida, hali ya huyu, hali ya yule. Kisha mzee akasema, "Nimekuletea hawa. Sina mahali pengine pa kuwaweka." Mjomba akafungua zizi. Mwaka ule walikuja wengine wengi, hata kutoka Ushetu, na zizi la mtu mwenye ng'ombe wawili likajaa hadi likabidi lipanuliwe. Mke wa mjomba aliyatazama yale yote akaniambia, "Umemfanya mtu mkubwa, mwanangu," na sikujua nicheke au la. Mpaka leo sijui.

Amri yenyewe ilikufa kimyakimya baada ya muda. Hakuna aliyeifuta barazani. Bwana mifugo hakurudi kuhesabu, basi. Ingetosha mjomba angoje kidogo tu, asiende kwa Gavana, asiwe na mpwa.

Barua ya majibu aliihifadhi kwenye kopo la majani ya chai, pamoja na stakabadhi za kodi. Kila nikienda kumsalimia, hata baada ya uhuru, hata nilipokuwa nimeanza kuota mvi, alikuwa akiitoa.

"Nisomee."

"Yote, mjomba?"

"Pale penye kushinda."

Nilimsomea kwamba Gavana ameridhika, kwamba mwombaji anasema kweli, kwamba amri imefutwa. Alisikiliza amefumba macho. Ukurasa wa mwisho, wa majina, haukuwepo tena. Nyuma ya barua palibaki tundu mbili na kutu ya pini.

"Basi," alikuwa akisema. "Hapo hapo. Inatosha." Akaikunja, akairudisha koponi, akatoka kwenda kuwatazama ng'ombe wa watu.